Kendi Iliyokataa Kupasuka

Mimi nikifurahi napiga kelele, na siku ile nilipiga kelele tangu alfajiri. Niliwafokea wapishi kwa furaha, nikawafokea waliokuwa wakifunga majani ya mnazi mlangoni kwa furaha, nikamfokea hata jogoo. Mtoto wetu Winarsih alikuwa anaogeshwa! Ndoa ingefungwa kesho yake, lakini kwetu Bayat harusi huanza pale bibi harusi anapokaa kwenye kigoda, batiki imefungwa kifuani na asmini zimeshonwa kama kitambaa mabegani, na watu saba wenye maisha mema wakammwagia maji ya maua kwa zamu. Nami nilikuwa mmoja wa hao saba. Mimi, Kasinem, mfinyanzi wa vyungu na mdomo mkubwa wa kijiji! Nilivaa kebaya ya kijani iliyonibana mpaka nikawa napumua kwa mgawo.

"Bulik, tulia," Winarsih aliniambia nilipokuwa namchana nywele. Bulik ndiyo mama mdogo; hivyo ndivyo watoto wa dada yangu wanavyoniita. "Utazimia kabla yangu."

"Nizimie kwa lipi? Zimia wewe, si ndiye unayeolewa?"

Akacheka. Anacheka kama marehemu baba yake, kichwa nyuma, meno yote nje.

Jambo moja tu lilinikaa kooni, nalo lilikuwa dada yangu. Rubiyem ni mjane, na Winarsih ndiye mtoto wake wa pekee. Bwana harusi, Bagas, kijana mpole asiyeweza kumkemea hata kuku, alikuwa amepata kazi bandarini Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kisiwa kingine kabisa, na baada ya harusi angeondoka na mkewe. Rubiyem alikubali. Alikubali kwa mdomo, akakubali kwa kuinamisha kichwa, lakini macho yake hayakukubali hata siku moja. Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa lile lile: "Kendi ikipasuka, nimemwachia."

Hakuna aliyeona ajabu kwa jibu hilo, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo. Bibi harusi akishaogeshwa, maji ya mwisho humiminwa kutoka kwenye kendi, mtungi mdogo wa udongo wenye mrija, ili atie udhu. Kisha mama huiinua ile kendi mbele ya watu na kuibwaga chini. Ikipasuka, anatangaza kwa sauti kwamba nuru ya mwanawe imetoka, na kuanzia hapo binti si mtoto tena. Kabla ya hapo ni wa mama yake, na kadhi angoje.

Na ilikuwa kendi gani! Rubiyem aliifinyanga mwenyewe kwenye gurudumu letu la kufinyangia lililoinama, lile tunalolisukuma kwa mguu huku tumekaa upande kwa heshima ya nguo. Tumbo la duara kama boga changa, shingo ndefu ya kujazia, mrija wa ubavuni uliochomoza kwa maringo. Alichora majani ya mpopoo pande zote, akaisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka ukijitazama unaona pua yako. Hakumruhusu mtu kuishika. Hata mimi! Na nilipomuuliza kwa nini moshi ulikuwa unatoka tena nyuma ya nyumba yake, ilhali vyombo vya wiki hiyo vilikwisha kuchomwa na tanuri limepoa, alisema anachoma majani makavu. Nikamwamini. Nilikuwa na wageni wa kuwapikia.

Mgomvi wangu siku hizo alikuwa Pakde Dwijo. Huyo ni baba mkubwa wa Winarsih, na Pakde maana yake ndiyo hiyo; ni kaka mkubwa wa marehemu shemeji yangu, mwalimu mstaafu wa maandishi ya kale, na ndiye aliyesimama mahali pa baba wa bibi harusi. Mtu mwema, ila akikushika mkono barabarani akueleze asili ya neno, wali wako unaungua nyumbani. Alikuwa amenifuata jikoni akiniomba nafasi ya kuhutubia.

"Kasinem, dakika kumi tu. Watu wanavunja kendi kila harusi na hawajui hata neno lenyewe limetoka wapi."

"Limetoka kwenye tanuri letu, Pakde."

"Chombo ndicho kimetoka kwenye tanuri lenu. Neno limetoka mbali."

"Basi likae huko huko mbali mpaka watu wamalize kula. Dakika zako kumi nazijua mimi, huwa zinazaa watoto na wajukuu."

Wapishi waliangua kicheko. Pakde akarekebisha kilemba chake, akaondoka amenuna.

Ikafika saa ya kuogesha. Siku zote tunaogeshea mabibi harusi kwenye ua wa mbele wenye sakafu ya saruji, lakini Rubiyem alikuwa ameamuru kigoda kipelekwe nyuma, kwenye nyasi. Eti mbele kuna jua. Akatandika na mikeka, mmoja juu ya mwingine. Bu Kusmi, yaani Mama Kusmi, fundi wa kupamba mabibi harusi na msimamizi wa mila, alikunja uso kidogo, lakini mwenye mtoto ndiye mwenye amri.

Tukaanza. Maji yalikuwa yametoka visima saba, yakiwa na waridi, asmini na langilangi, na yalinukia mpaka kichwa kinalegea. Rubiyem alimwaga kata ya kwanza, mkono thabiti kabisa. Akafuata Pakde, akamwaga nusu kwenye viatu vya Bu Kusmi. Zamu yangu ilipofika nililia. Sioni haya kusema. Nilimwogesha mtoto yule alipokuwa hajaota jino, kwenye beseni lililopasuka ukingo, na leo namwogesha akiwa amenipita urefu! Nililia kwa furaha na pua ikalia pamoja nami.

"Bulik, maji yako yana chumvi," Winarsih alinong'ona, meno yakigongana kwa baridi.

"Nyamaza, uogeshwe."

Akatia udhu kwa maji ya kendi. Rubiyem akaichukua, ikiwa tupu sasa. Ngoma za shaba zikanyamaza. Wanawake wakasogea, simu zikainuliwa juu. Mimi nikatega masikio, maana ninaipenda sauti ile kuliko sauti zote duniani, sauti ya kendi ikipasuka harusini. Mfinyanzi huchukia sauti hiyo mwaka mzima. Siku hiyo tu ndiyo tamu.

Rubiyem akainua mikono. Akaachia.

Dufu!

Kendi ilianguka mkekani, ikadunda, ikabingirika kwa adabu, ikasimama miguuni pa Bu Kusmi. Nzima. Hata mrija wake wa maringo ulikuwa pale pale.

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Bu Kusmi akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni, akaiokota, akamrudishia. "Mikono ya mama imelainika kwa mapenzi," alisema kwa sauti ya kufunika aibu. "Tena, Bu. Kwa nguvu."

Akaibwaga tena. Dufu! Nzima.

Hapo minong'ono ikaanza. Nyuma yangu nilimsikia mwanamke akisema, "Mtoto hajaachiwa huyo." Mwingine akajibu, "Harusi iahirishwe. Hii si dalili ya kuchezea." Sauti zikapita ua mzima kama moto kwenye mabua. Winarsih alikuwa bado kigodani, maji yanamtiririka, midomo imegeuka zambarau. Hakuwa anaitazama kendi. Alikuwa anamtazama mama yake, na sura yake ilikuwa ya mtoto aliyefungiwa mlango nje.

"Leteni nyingine," Bu Kusmi alisema. "Kijiji kizima ni wafinyanzi, hatuwezi kukosa kendi!"

"Hakuna nyingine," Rubiyem akasema taratibu. "Aliyotilia udhu ni hii. Nilisema ikipasuka. Haijapasuka."

Nikaruka mkekani na kebaya yangu inayobana. Niliiokota ile kendi nipate kuipa dada yangu mara ya tatu, na mara ilipokaa mkononi mwangu nikajua. Uzito! Kendi ni chombo chepesi, unainyanyua juu ya uso na kujimiminia maji mdomoni bila midomo kuugusa mrija, wala mkono hauchoki. Hii ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Nikaigonga kwa kucha. Badala ya kuitika kama kengele, iliitika kwa sauti ya chini, nene, ya udongo ulioshiba mchanga na kuchomwa ukachomwa tena. Kitako chake kilikuwa unene wa kidole gumba. Na nyasi. Na mikeka. Na ule moshi wa majani makavu!

Damu ilinichemka. Nilimshika dada yangu kiwiko, nikamvuta mpaka nyuma ya mitungi ya maji.

"Yu," nilimwambia, kama tunavyowaita dada wakubwa, "humu umetia mchanga kiasi gani?"

Akajifanya anafunika mtungi.

"Ukuta mnene kama chungu cha kuchemshia kwato. Na umeichoma mara mbili. Si kweli?"

"Punguza sauti, Nem."

"Sauti yangu ni hii hii, sina nyingine! Unamfunga mtoto?"

"Simfungi. Nimefinyanga kendi imara. Maisha yangu yote nafinyanga vitu visivunjike, leo ndiyo unanilaumu?" Akamtazama Winarsih pale kigodani. "Balikpapan, Nem. Hata bahari yenyewe sijawahi kuivuka. Akiugua nani atamkanda mgongo? Akinisahau je? Baba yake aliondoka asubuhi moja kwenda sokoni, hakurudi. Nimechoka kuaga watu."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa mkono huo huo. Ningeweza kugeuka nikatangaza mbele ya wote: jamani, hakuna dalili wala mkosi, ni mwanamke na udongo wake! Minong'ono ingekufa hapo hapo. Lakini dada yangu asingeinua uso kijijini tena, na Winarsih angekwenda kwa mumewe akijua mama yake alimwekea mtego. Nikameza hasira yangu. Ilikuwa kubwa, nilisikia ikishuka.

Nilihitaji muda. Rubiyem alihitaji muda. Wageni walihitaji kufungwa mdomo. Na katika ua ule kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuwanyamazisha watu mia.

"Pakde!" nilipiga ukelele. "Pakde Dwijo! Lile neno lako! Njoo ulieleze, sasa hivi!"

Mngemwona yule mzee! Alichupa kwenye kiti kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kilemba kilikaa upande, akafika mbele kabla sijamaliza kusema. Nilimtupia Winarsih batiki kavu mabegani, nikasimama nyuma yake, kendi mkono mmoja, nikimsugua mgongo kwa mkono wa pili.

"Waheshimiwa!" Pakde alianza. "Mnaiona kendi hii? Mnajua jina lake limetoka wapi?"

"Bayat!" alipaza sauti mzee mmoja wa kuchoma vyungu.

"Hapana! Limevuka bahari! Babu wa neno hili ni kundika, neno la Bara Hindi, la lugha ya kale kabisa ya maandiko yao. Lilikuwa jina la chombo cha maji cha watawa. Watu walioacha nyumba zao, wakaacha mama zao, wakatembea nchi hadi nchi wakifundisha. Hawakuwa na mali. Nguo mwilini, bakuli la chakula, na kundika ya maji. Kiu ikiwashika wanakunywa humo. Ndiyo maana ina shingo nyembamba, vumbi la njiani lisiingie!"

"Kwa hiyo sisi tunafinyanga vyombo vya Wahindi?" nilimkatiza. Sikuweza kujizuia, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyemwita.

"Mikono ni yetu, Kasinem, na udongo ni wetu. Mababu zetu walikwisha kuvichonga kwenye mawe ya hekalu la kale la Borobudur. Lakini jina lilikuja na wasafiri, likapenda huku, likakaa. Waulize Wamalei ng'ambo, nao wanasema kendi. Kila lilikofika limebaki na sura yake, ukiliona unamjua mama yake. Chombo hiki, ndugu zangu, kilizaliwa kiwe cha safari. Sisi ndio tuliokiweka kabatini tukakipaka rangi."

Watu walikuwa wametulia kimya. Sijui kama ni elimu iliyowanyamazisha au mshangao wa kumwona Pakde akifika mwisho wa sentensi. Kisha nikasikia sauti ya dada yangu kutoka kwenye mitungi.

"Pakde."

"Naam, Bu Rubiyem."

"Hilo neno. Lilipokuja huku, kwao walilikosa?"

Pakde akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifikiri kabla ya kujibu. "Hapana," alisema. "Kwao bado liko. Wanalisema mpaka leo, wamelikata kidogo tu. Neno likisafiri, kwao halipungui."

"Mtu si hivyo," Rubiyem akasema. "Mtu akiondoka, nyumba inabaki tupu."

"Ni kweli, mtu si hivyo." Mzee alikuwa ameacha kuhutubia; alikuwa anaongea na shemeji yake peke yake. "Neno halijawahi kurudi hata siku moja kuwaamkia waliolituma. Mtu anaweza kurudi, Bu. Hapo ndipo anapolizidi neno."

Winarsih akageuka kigodani. "Mama," alisema.

Rubiyem akamtazama mwanawe. Kisha akakunja mikono ya kebaya yake, akageuka, akaingia jikoni! Wageni wakatazamana. Bu Kusmi akashika kichwa. Mimi nilidhani amekwenda kujifungia, nikaanza kumfuata, lakini akatokea mlangoni akiwa amebeba kinu chetu cha jiwe cha kusagia pilipili, kile kizito kinachobebwa na watu wawili. Alikibeba peke yake. Akaisukuma mikeka kwa mguu, mmoja baada ya mwingine, akakiweka chini juu ya nyasi, kifudifudi.

Ndipo wafinyanzi wote waliokuwepo walipoelewa. Niliona wakitazamana, niliona midomo ikifunguka. Na hakuna aliyesema neno, hata mmoja. Nitawapenda watu wa kijiji changu mpaka kufa kwangu kwa ajili ya kimya kile.

Aliichukua kendi mikononi mwangu. Aliitazama, akapitisha kidole gumba kwenye majani ya mpopoo aliyoyachora. Akaiinua juu ya kichwa na kuishusha kwa nguvu zote za mwanamke aliyekanda udongo tangu utotoni.

Paaa!

Vipande viliruka mpaka kwenye maua! Kimoja kilinipiga mguuni na nikakifurahia. Na kabla mwangwi haujaisha, Rubiyem alipaza sauti ambayo sikujua anayo, "Imepasuka! Nuru ya mwanangu imetoka!"

Jamani! Ngoma zilipasuka nazo! Wanawake walipiga makofi, Pakde alikumbatiana na Bu Kusmi na viatu vyake vilivyolowa, mimi nikapiga kelele mpaka kifungo cha kebaya kikaruka. Winarsih aliinuka akiwa maji matupu, akajitupa kifuani kwa mama yake, na wakalowa wote wawili.

Baada ya hapo, kama ilivyo desturi, mama wa bibi harusi aliuza dawet. Alikaa mbele ya mtungi wa kinywaji hicho cha tui, sukari ya mnazi na tambi za kijani, Pakde akimshikia mwavuli, na wageni wakapanga mstari kununua. Siku hiyo pesa haina kazi. Unalipa kwa kigae cha chungu kilichovunjika, na kwa kijiji chetu hilo ni sawa na kusema sote ni matajiri. Rubiyem alikuwa akichota na kucheka, macho yamemvimba.

Bibi harusi anatakiwa awe ndani, anakaushwa, anafukizwa udi, analindwa na macho ya watu. Lakini nilisikia Bu Kusmi akipiga yowe kutoka chumbani, na nilipogeuka nilimwona Winarsih kwenye mstari, nywele zinachuruzika, kashika kitu ngumini. Watu wakampisha. Alipofika mbele akafungua kiganja. Ulikuwa mrija wa ile kendi, mzima, na jani moja la mpopoo limebaki ubavuni.

"Nipimie, Mama."

Rubiyem aliutazama. "Huo mkubwa mno. Sina chenji."

"Sidai chenji."

Dada yangu akauchukua, akaufuta kwa ncha ya batiki yake, akauchomeka kwenye mshipi wa kiunoni pale anapoweka vitu asivyotaka vipotee. Akajaza bilauri ya dawet mpaka ikamwagika.

"Kabla hujaondoka nitakufinyangia nyingine," alisema. "Nyepesi. Ya kubeba safarini."

Winarsih alikuwa ameshaanza kunywa. Akashusha bilauri, tui limemwachia masharubu. "Na ikivunjika huko?"

"Basi utarudi kuchukua nyingine," Rubiyem akasema, akamwita aliyefuata kwenye mstari.